Mkono Uliokinga Uso

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilobatizwa. Aliitwa Pindo, kwa sababu pindo la sketi aliloshona yeye halikufumuka, hata mwenye sketi apande ukuta na kurukia upande wa pili. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, pembeni ya meza ambayo mchana ilikuwa ya kukatia vitambaa na jioni ya kulia chakula. Ndiyo maana mume wake alizoea kuokota vipande vya uzi kwenye sahani.

"Leo umenipikia mboga au nyuzi?" angeuliza.

"Kula tu, zitakushona tumbo lisije likatoboka."

Mume mwenyewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache, anayetoka asubuhi na kurudi jioni macho mekundu, shati limetobolewa na cheche. Hawakujaliwa mtoto. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu, na kimoja walikuwa wakiwekea marobota ya vitambaa mpaka siku mama mkwe alipopata kiharusi.

Mama mkwe alikuwa amefundisha shule ya msingi karibu maisha yake yote, na hata baada ya kustaafu watu wazima wenye mvi walimwita Mwalimu na kuzima sigara wakimwona anakuja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusahihisha. Alimsahihisha mchungaji mlangoni mwa kanisa, alimsahihisha muuza nyanya, na Pindo naye alisahihishwa tangu siku alipoletwa nyumbani kama mchumba: wali wake, mshono wake, zaidi ya yote maneno yake. Siku moja kwenye harusi ya ndugu, Pindo alianza kusimulia kisa mezani, Mwalimu akamkata katikati, akairudia sentensi yake inavyotakiwa kusemwa, kisha akamwambia, "Haya, endelea." Meza nzima ilicheka. Pindo naye alicheka, ila kile kisa hakukimalizia, na hakuisahau siku hiyo.

Kiharusi kilichukua upande wote wa kulia, kikachukua na maneno. Daktari alieleza kwamba akili iko pale pale: anasikia, anaelewa, ila njia ya maneno kutoka nje ndiyo imeziba. Wifi yake Pindo, dada wa mume, alikuwa akifanya kazi ya zamu kiwandani na kukaa ghorofa ya juu kabisa katika jengo lisilo na lifti.

"Wifi, sijui nifanye nini," alisema akilia.

"Mlete kwetu," Pindo akamjibu. "Mama ni wetu sote."

Alisema hivyo kwa moyo safi, na hilo ndilo lililomuumiza baadaye kila alipolikumbuka. Hakuanza kwa nia mbaya. Alihamisha marobota, akapaka chumba rangi, akanunua kitanda cha chuma ambacho mume wake alikiongezea vyuma vya kushikia. Wiki za kwanza alimwogesha Mwalimu taratibu, akampaka mafuta, akamsuka nywele zake nyeupe mistari miwili. Kanisani walipata habari. Akina mama walianza kumwita Mkwe wa Mfano, kwanza kwa utani, baadaye bila utani.

Kisha ukafika msimu wa shule kufunguliwa. Sare zilijaa juu ya makochi, juu ya friji, hadi bafuni. Wazazi walikuwa wakisimama mlangoni na kuuliza, "Fundi, ya mwanangu iko wapi?" na yeye akiwaonyesha rundo lolote lililo karibu. Mchana mmoja alikuwa ametoka kubadilisha mashuka ya Mwalimu, hajaketi hata kwenye kiti, akasikia harufu. Alirudi chumbani. Shuka jipya lilikuwa limechafuka, na mkono mzima wa Mwalimu, ule wa kushoto, ulikuwa umechafuka pia na unashika ukuta uliopakwa rangi.

Pindo aliupiga ule mkono. Kofi moja, kama mtu anavyompiga mtoto anayetaka kushika moto. Kisha akasimama akisubiri kitu kitokee. Hakikutokea kitu. Mwalimu alimtazama tu. Nje muuza maji alikuwa akipiga kengele yake. Pindo akaosha ukuta, akaosha mkono, akarudi kwenye cherehani akashona kola tatu kinyume, akazifumua.

Angekuwa amelia siku ile, labda mambo yangeishia pale. Hakulia. Alijiambia ni uchovu. Na kofi la pili lilikuwa rahisi zaidi ya la kwanza.

Baadaye hata kofi aliliacha, akajifunza kufinya. Alifinya upande wa ndani wa mkono wa kulia, juu ya kiwiko, mahali ambapo gauni linafunika. Alijiambia mkono ule umekufa, hausikii. Lakini kila alipofinya, macho ya Mwalimu yalijaa maji. Wakati mwingine alimwekea uji mezani pale ambapo mkono wa kushoto haufiki, akauacha upoe mpaka ufanye utando juu. Wakati mwingine alikigeuza kiti cha magurudumu kitazame ukuta, akamwacha hivyo mchana mzima, na kabla mume hajarudi akakigeuza tena dirishani. Lililokuwa baya kuliko yote lilikuwa jambo dogo la mdomoni tu. Aliinama mpaka sikioni mwa yule mama akamwambia, "Sema sasa. Si ulikuwa unajua kusahihisha? Nisahihishe."

Haya yote aliyafanya pazia likiwa limeshushwa, na redio imefunguliwa sauti. Majirani wakiuliza kuhusu pazia, alisema ni vumbi la barabarani. Na tuseme ukweli, alikuwa Mkristo wa kweli kweli, anayefunga na kuomba, anayejua nyimbo zote za kitabu bila kukifungua. Jumapili asubuhi hakumgusa Mwalimu vibaya hata mara moja. Siku hiyo alimvalisha taratibu, akampa uji wa moto, akaimba. Ungedhani Mungu naye ana zamu, anaingia kazini kengele ya kanisa ikilia na kuondoka akina mama wakishakunja vitambaa vya madhabahu.

Jumapili moja mchungaji alihubiri juu ya mambo ya sirini. "Tunajidanganya," alisema, "kwamba siri ni kitu kisichojulikana. Mbele za Mungu hakuna siri. Kuna mambo ambayo majirani hawajayajua, basi." Pindo aliitikia amina kubwa kuliko ya wote walioketi karibu naye. Alikuwa akimfikiria jirani mmoja aliyejiunganishia umeme kinyemela, na alitamani angekuwepo asikie.

Jioni zile mume wake alikuwa akirudi, ananawa mikono, anaingia chumbani kumsalimu mama yake. Kisha anatoka na kumshika Pindo bega. "Mke wangu, Mungu akubariki," angesema. "Mwingine asingeweza." Mlango wa chumba huwa wazi wakati huo, na Mwalimu anasikia kila neno.

Kundi la akina mama likaamua Pindo apewe heshima. Waliandaa kitenge kizuri, na Jumapili angeitwa mbele ya kanisa zima. Jumamosi mchana walikuja nyumbani kumwona mgonjwa na kuleta habari, pamoja na kitenge ili akivae kesho yake. Walikuwa wengi, wakajaza chumba mpaka wengine wakasimama mlangoni. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye kicheko cha kufungua madirisha, alipiga vigelegele kabla hajaketi.

"Mwalimu!" alisema kwa sauti ya juu, kama watu wanavyosema na wagonjwa wasio viziwi. "Umebahatika! Wakwe wa siku hizi tunawajua, ukiugua wanahesabu siku. Wewe umepewa binti!"

"Amina," wakaitikia.

"Pindo wetu, njoo hapa karibu na mama tuwaombee wote wawili."

Pindo alisogea. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lilikuwa la kweli, kwa sababu mtu akisifiwa sana huanza kuamini. Aliona kilemba cha Mwalimu kimeteleza kidogo upande wa paji la uso. Akanyoosha mkono kukiweka sawa.

Mwalimu alifumba macho kwa nguvu, akainua kiwiko cha kushoto, akajikinga uso.

Haukuwa mkono wa mgonjwa unaotikisika. Ulipanda haraka, ukasimama pale pale, kiganja kikiangalia nje. Mkono wa Pindo ulibaki hewani.

"Masikini," Mwenyekiti akasema hatimaye. "Ugonjwa huu unawatisha mpaka kwa vivuli. Shangazi yangu naye alikuwa hivi hivi. Tuombe."

Wakainamisha vichwa. Pindo hakuinamisha chake, kwa hiyo aliona kwamba kuna mwingine ambaye hakufumba macho. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mwanamke mwembamba aliyeitwa na mtaa mzima Mama Mkaa, kwa kuwa ndiyo biashara yake. Marehemu mume wake alikuwa akimpiga miaka yote ya ndoa yao, na hilo lilikuja kujulikana baada tu ya kuzikwa. Mama Mkaa aliutazama ule mkono ulioinuliwa. Kisha akamtazama Pindo, akateremsha macho.

Wageni walikunywa chai, wakacheka, wakaondoka. Kitenge kiliachwa juu ya cherehani kwenye karatasi yake. Pindo alikuwa anakusanya vikombe aliposikia hodi.

Alikuwa Mama Mkaa, peke yake.

"Umesahau kitu?"

"Nimekuja kumwogesha Mwalimu."

"Nimeshamwogesha asubuhi, dada."

"Basi ataoga tena. Joto lenyewe hili."

Alijipitia zake na beseni. Pindo alibaki sebuleni akisikia maji, na sauti ya chini ya mtu anayeimba bila maneno. Ilichukua muda mrefu. Mama Mkaa alipotoka alikuwa amekunja mikono ya gauni, mikunjo ya vidole vyake myeusi hata baada ya sabuni. Akaketi kwenye kochi, juu ya sketi za watu, hakuziona.

"Pindo, ule mkono naujua."

"Mgonjwa yule. Anaweweseka."

"Usinijibu. Sijakuuliza." Alijipangusa uso kwa upindo wa nguo. "Nimeona na alama. Nyingine mpya, nyingine za zamani."

Alichoweza Pindo kuuliza ni kitu ambacho baadaye alikionea aibu karibu sawa na kile kitendo chenyewe. "Utawaambia?"

"Niwaambie akina nani? Unamwogopa Mwenyekiti?" Mama Mkaa alicheka bila furaha. "Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, unakumbuka. Alikuwa anasimama pale mbele na suti. Mimi nakaa nyuma, mbavu zinaniuma, najiambia, Mungu anaona. Ndiyo ilikuwa dawa yangu hiyo, sikuwa na nyingine. Nyie mkisikia Mungu anaona mnasikia askari anagonga mlango. Mimi nilikuwa nasikia kama mtu ameingia, amevuta kiti, amekaa na mimi."

Akainuka, akashusha mikono ya gauni.

"Sikuja kukukamata. Kama ni kukamatwa, ulishakamatwa siku ile ya kwanza."

Alipoondoka, Pindo aliingia chumbani. Mwalimu alikuwa amelala, ananukia sabuni, kilemba kimefungwa vizuri na mikono ya mwingine. Kiti cha magurudumu kilikuwa tupu. Pindo alikivuta mpaka kwenye ule ukuta, akaketi.

Hakuwahi kuuona ukuta ule kwa macho ya mtu anayeketi pale. Rangi ilikuwa imetoa malengelenge kwa unyevu. Kulikuwa na msumari usiotundikwa kitu, na ufa mwembamba, na sisimizi wawili wakipishana. Hicho ndicho alichompa mama wa watu akitazame mchana kutwa. Alikuwa amezoea kufikiri kwamba akifunga mlango, wanabaki yeye sebuleni na kile kizee chumbani, kila mmoja peke yake. Sasa maneno ya Mama Mkaa yalimzunguka kichwani. Mwalimu hakuwa peke yake pale ukutani. Kulikuwa na wa kukaa naye, wa kusikia yale ambayo mdomo haukuweza kuyatoa, na huyo huyo ndiye ambaye yeye, Pindo, alikuwa akimwimbia nyimbo Jumapili. Uso ulimwaka moto. Alijifunika kwa viganja, kisha akavitoa upesi, kwa kuwa viganja vyenyewe ndivyo vilivyokuwa vimefanya yale.

Mume wake aliporudi alimkuta amesimama kibarazani.

"Mume wangu, nimemuumiza mama."

"Ameanguka?"

"Hapana. Nimemuumiza kwa makusudi. Siyo leo tu."

Mume alikuwa bombani ananawa. Aliendelea kunawa kwa muda mrefu, mikono imeshatakata, maji yanamwagika bure. Kisha akafunga bomba, akaingia ndani bila kumgusa. Pindo alimfuata mpaka mlangoni. Alimwona akipiga magoti kando ya kitanda na kupandisha mkono wa gauni la mama yake polepole, kama mtu anayefunua kidonda cha mtoto.

"Mama," alisema, "ni yeye?"

Mwalimu alimtazama. Walishakubaliana tangu hospitali: kufumba macho mara moja ni ndiyo. Akafumba.

Yule mwanamume aliweka kichwa juu ya shuka, akalia kwa sauti. Mkono wa kushoto wa mama yake ulishuka ukakaa juu ya nywele zake zilizojaa vumbi la chuma. Pindo hakuwa na mahali pa kuweka macho.

Mume wake alipotoka alizungumza taratibu, na Pindo angependelea apige kelele. "Kila jioni nilikuwa nakushukuru. Kila jioni, Pindo. Na yeye yuko pale anasikia namshukuru mtu anayempiga."

Jumapili asubuhi aliazima gari la mizigo la mwenzake, akampeleka mama yake kwa dada yake. Alimpandisha ngazi zote zile mgongoni. Pindo alibaki na nyumba inayonuka dawa na uji. Alivaa nguo ya kawaida, akachukua kile kitenge na karatasi yake, akaenda kanisani mapema.

Alimkuta Mwenyekiti akipanga maua. Akamwambia yote, kwa kifupi, bila kujitetea. Mwenyekiti alibaki na ua mkononi, maji yakimdondokea viatuni.

"Shh," alisema. "Usiniambie zaidi. Mwenzangu, nani hajawahi kumfokea mgonjwa? Sisi ni binadamu. Mchungaji ameshajulishwa, wageni wamealikwa. Pokea tu hii heshima, tusiaibishe kundi, kisha utatubu nyumbani kimya kimya. Mungu anaona moyo."

"Ameona na mikono," Pindo akasema.

"Pindo, nakuomba."

"Shika kitenge chenu, mama."

Mwenyekiti hakukishika. Kwa hiyo Pindo aliketi nacho mapajani wakati wote wa nyimbo na matangazo, na jina lake lilipoitwa, watu wakipiga makofi, alisimama pale pale alipokuwa. Alikuwa na maneno aliyoyapanga njiani, yote yakamtoka kichwani.

"Sistahili," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, makofi yakaendelea kidogo kabla hayajakatika. "Nimekuwa nikimtesa mama mkwe wangu ndani ya nyumba yangu. Nilimfinya, nilimpiga, nilimnyima uji. Mlikuwa mnanisifu na mimi nilikuwa nakubali. Mwenye kuomba amwombee yeye."

Akaweka kitenge kwenye benchi, akaketi. Mtoto mmoja alilia, akanyamazishwa. Mchungaji alifunga kitabu chake. Inaonekana hata yeye hakuwa na la kusema, na kwa heshima yake lazima isemwe kwamba hakujifanya analo. Aliwaambia watu wasimame, akamwombea Mwalimu kwa jina la kazi yake kama kila mtu alivyomwita.

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo. Mwanzoni alijisikia kama aliyetua mzigo, lakini hali hiyo ilidumu njia ya kurudi nyumbani tu. Watu walianza kuja kuchukua vitambaa vyao, vingine havijakatwa. Hawakugombana naye. Walisimama nje ya kizingiti, wakanyoosha mkono, na ilikuwa wazi kwamba hawataki vidole vyao viguse vyake. Bombani mazungumzo yalikatika akifika. Mwanamke mmoja alimwita mchawi, mwingine akamwambia, "Hata mimi mama yangu humchoka, pole," na ile pole ilimchoma zaidi ya uchawi. Mume wake alirudi chumba kimoja naye baada ya muda, lakini alikuwa na tabia ya kuitazama mikono yake akipakua chakula. Halafu anagundua anatazama, anageuza macho.

Siku ya kwanza alipokwenda kwa wifi, hakufika mlangoni. Wifi alimwona kutoka juu, akachungulia kwenye ngazi.

"Ukipanda hapa nitakusukuma. Naapa."

"Sijaja kupanda, wifi. Nipe mashuka ya mama nikafue."

"Tuna mikono."

Alirudi wiki iliyofuata, akarudi tena. Alikaa chini kwenye ngazi ya kwanza na beseni lake tupu, watoto wa jengo wakimruka. Hatimaye, siku ambayo wifi alikuwa ametoka zamu ya usiku na macho hayafunguki, furushi la mashuka lilitupwa kutoka juu, likaanguka miguuni pake. Pindo aliyafua, akayapiga pasi mpaka kwenye kona, akayarudisha. Ikawa hivyo kwa miezi. Alifua mashuka ya mama ambaye hakuruhusiwa kumwona, na alipokutana na doa, alisugua mpaka likatoka.

Huko juu, mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alikuwa akija. Mwalimu akaanza kupata maneno mafupi: maji, hapana, moto. Siku moja wifi alisimama juu ya ngazi, mkono kiunoni.

"Panda. Dakika chache. Mimi nitakuwepo."

Mwalimu alikuwa ameketi karibu na dirisha. Alikuwa amenenepa kidogo. Pindo alipiga magoti mbali, karibu na mlango, mikono ameiweka wazi juu ya mapaja ionekane.

"Mama, sina la kujitetea. Niliyokufanyia nayajua, na Mungu anayajua kuliko mimi. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mdomo wa Mwalimu ulianza kufanya kazi. Upande mmoja ulivuta, mwingine ukakataa. Ilikuwa kama kumwona mtu akisukuma kabati zito. Wifi alitaka kumsaidia, yule mama akamzuia kwa kidole.

"Ba," alisema. Akapumua. "Bado."

Wifi alimgeukia Pindo. "Amesema bado."

"Nimesikia. Asante, mama."

Akachukua mashuka, akashuka nayo. Kwenye ngazi za chini kabisa aliketi akalia kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze. Lilikuwa neno la haki. Na lilikuwa neno ambalo Mwalimu alilitafuta mwenyewe, akalileta mdomoni kwa jasho, baada ya miezi yote ile ya kuambiwa asahihishe huku hawezi.

Baada ya hapo aliruhusiwa kupanda. Hakuombwa kufanya lolote ila kuketi. Siku nyingine Mwalimu alimwacha ashike kijiko, akala vijiko kadhaa, kisha akafunga mdomo na kugeuka. Siku nyingine alimwona mlangoni tu akainua ule mkono wa kushoto, na Pindo akarudi alikotoka bila kusema neno. Hakukuwa na mpangilio. Akipona kidogo leo, kesho anakumbuka. Pindo aliacha kujipimia ni lini itaisha.

Mwalimu aliondoka duniani mchana mmoja wakati wifi akimsomea gazeti. Kanisa lilijaa wanafunzi wake wa zamani, wengine wazee kuliko walivyofaa kuwa wanafunzi wa mtu. Mume wa Pindo aliandika maneno machache ya kusomwa, akamwonyesha kabla. Hapakuwa na mstari wa kumshukuru mkwe kwa matunzo. Pindo aliyasoma yote, akamrudishia, akasema yako sawa.

Alikusudia kusimama nyuma na majirani. Wifi akamfuata, macho yamevimba, akamvuta kwa kiwiko. "Unakaa wapi huku? Njoo ukae na sisi."

Waliporudi nyumbani na watu wamepungua, Pindo alijikaza akamuuliza jambo lililomkaa kooni siku zote zile.

"Wifi, alisema lolote kuhusu mimi? Mwishoni?"

Ingekuwa rahisi sana kumpa kitu, na wote wawili walilijua hilo.

"Hapana, wifi. Sitakudanganya. Hakusema."

Pindo aliitikia kwa kichwa. Akamshukuru. Kisha akapandisha mikono ya gauni, akaenda jikoni alikokuwa Mama Mkaa amekwishaanza kuosha masufuria makubwa, akachukua kitambaa, akasimama pembeni yake akawa anayafuta moja baada ya jingine.